Rangi Juu ya Lami

Malori mawili yanapishana usiku kwenye barabara ya Morogoro kwenda Iringa, kila moja likikimbia kilomita 80 kwa saa. Lami yenyewe haina upana wa kuzidi mita saba hivi. Katikati yao hakuna ukuta, hakuna uzio, hakuna hata jiwe. Kuna mstari wa rangi, upana wake kama sentimita 10, unene wake milimita mbili au tatu. Madereva hawa hawajuani na hawatakutana tena. Hata hivyo hakuna anayekanyaga breki. Kila mmoja ameukabidhi uhai wake kwa mtu wa upande wa pili, akiamini kwamba naye anauona mstari ule ule na anauheshimu.

Tukifikiri vizuri, ni jambo kubwa sana. Vitu vingine vyote tunavyojenga barabarani vina nguvu yake vyenyewe. Tuta hurusha gari linalokwenda kasi, ukingo wa chuma hulirudisha ndani, mtaro hulimeza. Mstari wa rangi hauwezi kumzuia mtu yeyote. Nguvu yake yote imo katika makubaliano ya wanaoutazama. Ndiyo maana nasema tangu mwanzo wa sura hii kwamba mamlaka inayopaka milia mbele ya shule kisha ikaondoka, bila kushughulikia mwendo wa magari, bila taa, bila tuta, imemwonyesha mtoto mahali pa kugongewa.

Lakini tuanze kule ilikoanzia.

Magari yalipoanza kuenea Marekani, barabara hazikuwa na mstari wowote. Kila dereva alishika katikati, palipokuwa pakavu na tambarare zaidi, akahama pale tu alipomwona mwenzake anakuja. Kwenye kona au mlima, mara nyingi alimwona akiwa amechelewa. Katika jimbo la Michigan, mjumbe wa tume ya barabara ya Wayne County aitwaye Edward Hines ndiye anayetajwa sana kuwa mwanzilishi wa mstari wa katikati. Ulichorwa mwaka 1911 kwenye River Road, mjini Trenton. Inasimuliwa kwamba wazo lilimjia alipoona mkokoteni wa maziwa uliokuwa ukivuja, ukiacha alama nyeupe barabarani. Iwe kweli au chumvi ya wasimulizi, mstari wenyewe ulikuwepo.

Anayenigusa zaidi ni June McCarroll, aliyezaliwa mwaka 1867. Alikuwa daktari katika jangwa la kusini mwa California, eneo la Indio, ambako kwa miaka kadhaa aliwatibu watu karibu peke yake. Siku moja ya mwaka 1917 alikuwa akirudi nyumbani na gari lake aina ya Ford Model T. Mbele yake likatokea lori zito, limeshika katikati ya barabara na halioneshi dalili ya kupisha. Alikuwa na chaguo mbili, kugongana nalo au kutoka nje ya lami. Akatoka, akaishia mchangani.

Mtu mwingine angemlaani yule dereva wa lori na kuendelea na safari. McCarroll alijiuliza kitu gani kingemfanya dereva yule ajue kwamba amekaa mahali pasipo pake. Alipokuwa akiendesha aliwahi kuona barabara iliyopanuliwa, ikabaki na alama katikati pale lami ya zamani ilipokutana na mpya, na madereva wakawa wanakaa kila mtu upande wake bila kuambiwa. Akalipeleka wazo la mstari wa katikati kwa viongozi wa wilaya na kwa wafanyabiashara. Walimsikiliza kwa adabu, na hawakufanya lolote. Hapo akachukua rangi nyeupe, akachora mwenyewe mstari kwenye barabara iliyopita mbele ya nyumba yake.

Kisha akafanya kazi ngumu kuliko kuchora. Kwa miaka saba alizunguka na hoja hiyo kupitia vyama vya wanawake vya California, barua baada ya barua, azimio baada ya azimio, hadi Novemba 1924 ambapo tume ya barabara kuu ya jimbo ilikubali. Ikaamuru maili 3,500, yaani kama kilomita 5,600, zichorwe mistari. McCarroll alifariki mwaka 1954, na mwaka 2002 kipande cha barabara kuu karibu na Indio kikapewa jina lake. Kila ninaposoma habari zake huwa naikumbuka ile miaka saba kuliko lile kopo la rangi. Kopo la rangi lilimtosha kwa kipande cha mbele ya nyumba yake, na jimbo zima lilihitaji watu wakubaliane.

Waingereza nao walikuwa wakijaribu mistari yao tangu miaka ya 1910, na mwaka 1934 fundi wa Yorkshire, Percy Shaw, akasajili uvumbuzi wa vioo vidogo vinavyopachikwa kwenye lami na kung'aa vinapomulikwa na taa za gari, kama macho ya paka. Mwaka huo huo waziri wa usafirishaji, Leslie Hore-Belisha, alisimamisha nguzo zenye matufe ya rangi ya chungwa kuonyesha vivuko vya waenda kwa miguu. Tatizo likawa kwamba dereva aliiona nguzo, lakini kivuko chenyewe chini hakukiona, maana kilionyeshwa kwa vichwa vya chuma vilivyopigiliwa barabarani. Baada ya Vita Kuu ya Pili wataalamu wa maabara ya utafiti wa barabara wakaanza kujaribu michoro mbalimbali. Mwaka 1949 milia ilijaribiwa katika vivuko vipatavyo 1,000, mingine ikiwa ya buluu na njano. Nyeupe kwenye lami nyeusi ndiyo ikashinda, kwa sababu nyepesi tu kwamba inaonekana kutoka mbali zaidi. Tarehe 31 Oktoba 1951 kivuko rasmi cha kwanza cha aina hiyo kilianza kutumika katika mji wa Slough, magharibi ya London.

Tanganyika, Zanzibar, Kenya na Uganda, zikiwa chini ya Waingereza, zilirithi kuendesha upande wa kushoto, na kivuko chao cha milia kikaja na jina lake, zebra. Leo dereva wa Dar es Salaam au Nairobi hasemi kingine. Ukivuka mpaka kuingia Rwanda, Burundi au Congo unahamia kulia, lakini milia unaikuta ile ile.

Hapa lazima nimtaje mnyama mwenyewe, pundamilia, maana wanasayansi wamechukua zaidi ya karne moja kubishana kuhusu milia yake. Ushahidi wa miaka ya karibuni unaelekea kwa inzi. Mwaka 2019 watafiti wa Japani walichukua ng'ombe sita weusi, wakawapaka milia myeupe, na inzi wanaouma waliotua juu yao wakapungua karibu nusu. Mwaka huo huo Tim Caro, mtafiti ambaye kwa miaka mingi amechunguza wanyama wa Katavi hapa Tanzania, alitoa na wenzake matokeo ya farasi waliovalishwa mashuka yenye milia. Inzi walisogea karibu nao kama kawaida, ila walishindwa kutua. Kwa pundamilia, basi, milia humvuruga anayekuja kwa kasi asijue pa kushukia. Barabarani tumeipa kazi iliyo kinyume kabisa, yaani tunataka anayekuja kwa kasi aone mapema na atambue bila shaka yoyote.

Kazi yenyewe ya kuchora inastahili kutazamwa kwa karibu. Mafundi wazuri huanza na ufagio. Mchanga ndio adui wao mkubwa, kwa kuwa rangi ikishika mchanga badala ya lami itabanduka na tairi la kwanza zito. Wakishafagia, wawili wanavuta kamba iliyopakwa chokaa, mmoja anainyanyua katikati na kuiachia. Inaacha alama nyembamba iliyonyooka. Hapo ndipo vipimo vya kila mlia vinapowekwa, kwa kawaida nusu mita au zaidi kidogo, na nafasi ya lami tupu iliyo sawa na mlia.

Pembeni kuna pipa la kuyeyushia linalowashwa kwa gesi. Ndani yake ni unga uliochanganywa: utomvu wa plastiki, chokaa, madini meupe yaitwayo titani dioksidi ambayo ndiyo yanayotoa weupe, na punje ndogo za kioo. Joto hufika nyuzi 180 hadi 200 za Selsiasi. Uji huo mzito humiminwa kwenye kitoroli chenye mdomo wa upana wa mlia, na fundi anakisukuma kwa mwendo mmoja, bila kusita, kwa sababu akisita unajikusanya na kuacha nundu. Papo hapo, rangi ikiwa bado laini, hunyunyiziwa punje nyingine za kioo juu. Baada ya dakika chache imekuwa ngumu kiasi cha kukanyagwa na gari.

Punje hizo ndizo siri ya usiku. Ni duara ndogo kama mchanga laini. Mwanga wa taa ya gari unapoingia kwenye punje hupinda, ukagonga weupe ulio nyuma yake, kisha ukarudi ulikotoka, yaani kwa dereva. Punje ikizama yote ndani ya rangi, haioni mwanga. Ikikaa juu juu, itang'oka. Inatakiwa kuzama nusu au zaidi kidogo. Fundi aliyenyunyiza akiwa amechelewa sekunde chache ameharibu kazi, na mchana hakuna atakayejua, maana mstari utaonekana mweupe kabisa. Utajulikana saa mbili usiku, taa za mtaa zikiwa hazipo, mama akivuka na ndoo. Mvua nayo ina lake. Maji yakifunika punje, mwanga haurudi tena kwa dereva kama ulivyokusudiwa, na mstari unapotea katika saa ile ile ambayo dereva anauhitaji zaidi.

Wapo wanaopaka rangi ya kawaida ya maji au mafuta, bila kuyeyusha na bila punje. Ni rahisi kwa bei na inapendeza siku ya uzinduzi. Kwenye barabara yenye malori, mchanga na jua letu hupauka upesi, na kinachobaki ni kivuli cha kivuko. Kivuli hicho ni hatari kuliko kutokuwepo chochote, kwa sababu mwenda kwa miguu aliye jirani anakijua na anakitegemea, wakati dereva mgeni hakioni. Kila mamlaka inayochora ingepaswa kuandika katika bajeti yake tarehe ya kurudia, siku ile ile inapoandika tarehe ya kuchora.

Sasa tufike kwenye jambo linalonikera.

Mwaka 2005 ilitoka ripoti kamili ya utafiti mkubwa wa Marekani ulioongozwa na Charles Zegeer kwa ajili ya wakala wa barabara kuu wa nchi hiyo. Walilinganisha vivuko 1,000 vilivyochorwa na sehemu 1,000 za kuvukia zisizochorwa, katika miji 30. Kwenye barabara za njia mbili, mchoro peke yake haukuleta tofauti. Lakini kwenye barabara pana, zenye njia nyingi na magari zaidi ya 12,000 kwa siku, vivuko vilivyochorwa bila kuongezewa kitu kingine viliambatana na ajali nyingi zaidi za waenda kwa miguu kuliko sehemu zisizochorwa. Ripoti haikusema milia ifutwe. Ilisema barabara za namna hiyo zinahitaji zaidi ya rangi: kisiwa cha kusimama katikati, taa, mwendo uliopunguzwa.

Sababu mojawapo kila mkazi wa miji yetu anaijua hata kama hajawahi kusoma utafiti. Daladala inasimama kwenye zebra, dereva muungwana anampungia mwanafunzi mkono avuke. Mwanafunzi anashuka kwenye ukingo. Mwili wa daladala umemziba. Bodaboda inayotoka nyuma, upande wa kulia, inaona basi limesimama, inadhani linashusha abiria, inalipita. Mtoto anatokea mbele ya daladala na pikipiki iko mita tano. Hapo wawili wamefuata utaratibu, dereva wa daladala na mtoto, na ni mtoto aliyeumia. Aliyeovateki kwenye zebra amevunja Sheria ya Usalama Barabarani, ndiyo. Lakini aliyebuni barabara ya njia nne na kuweka rangi tu naye anajua kwamba jambo hili litatokea, kwa kuwa limekuwa likitokea duniani kote.

Halafu kuna hesabu ya mwendo. Tuchukue dereva makini anayehitaji sekunde moja kuona na kukanyaga breki, gari zima, lami kavu. Akiwa kwenye kilomita 30 kwa saa atasimama baada ya mita 13 hivi. Kwenye 50, ambayo ndiyo kikomo cha maeneo ya makazi Tanzania na Kenya, atahitaji kama mita 28. Kwenye 80 ni mita 57, zaidi ya nusu ya uwanja wa mpira. Kwa hiyo dereva wa kilomita 80 anayeona mtoto akishuka ukingoni mita 40 mbele tayari ameshamgonga. Kinachobaki ni sauti ya matairi. Hakuna weupe wa rangi unaoweza kubadili hesabu hiyo. Kinachoibadili ni kitu kinachomlazimisha dereva kufika pale akiwa tayari anakwenda polepole.

Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2023, linakadiria kwamba watu milioni 1.19 hufa barabarani kila mwaka, na kwamba kwa watu wa umri wa miaka 5 hadi 29 hakuna sababu nyingine ya kifo inayowazidi kwa idadi. Zaidi ya nusu ya wanaokufa hawamo ndani ya magari: wanatembea, wako kwenye baiskeli au pikipiki. Afrika ina magari machache kuliko mabara mengine na ina kiwango kikubwa zaidi cha vifo kwa idadi ya watu. Nyuma ya takwimu hizo kuna njia ya kila siku ya mtoto wetu, kutoka nyumbani hadi shule, akiwa na mdogo wake mkononi.

Nina mfano mzuri wa karibu. Jijini Dar es Salaam, shirika la Amend lilianza kuchunguza shule moja moja: watoto wangapi wameumia, wanatoka mtaa gani, wanavuka wapi hasa, wala si wapi ramani inasema wavuke. Kisha wakafanya maboresho mahali pale pale. Matuta, njia ya pembeni ya kutembelea, vigingi vya kuzuia pikipiki zisipande juu yake, alama, na milia. Mahali pengine geti la shule lilihamishwa kutoka barabara kubwa hadi ya nyuma. Utafiti uliochapishwa katika jarida la Injury Prevention ulionyesha kwamba majeraha ya watoto yalipungua katika maeneo ya shule zilizofanyiwa kazi hiyo. Mwaka 2019 mpango huo ulishinda tuzo ya kwanza ya WRI Ross kwa miji, ikiwa ni tuzo ya dunia nzima. Angalia kilichofanywa. Hapo milia ilipakwa juu ya tuta au jirani yake, hivyo dereva anayeifikia ameshapunguza mwendo, atake asitake. Rangi imepata msaidizi.

La Paz, mji mkuu wa serikali ya Bolivia, walitafuta msaidizi wa aina nyingine. Tangu mwaka 2001 vijana huvaa mavazi ya pundamilia na kusimama kwenye vivuko, wakiwashika watu mikono na kuwasimamisha madereva kwa ucheshi. Huku kwetu kazi kama hiyo hufanywa na wanafunzi wenye vibao vya kusimamisha magari, na ninawaheshimu sana, ingawa inaniuma kuona mtoto wa darasa la tano akisimama mbele ya lori kufanya kazi ambayo kipande cha zege kingeifanya usiku na mchana.

Nayo mistari ya urefu wa barabara, ile ya katikati na ya pembeni, inasimama juu ya msingi ule ule. Mstari uliokatikakatika unaruhusu kupita ukiwa salama, usiokatika unakataza. Dereva anayetanua pembezoni kukwepa foleni anaujua mstari vizuri, hana haja ya kufundishwa. Anachojua pia ni kwamba wenzake kumi wametanua mbele yake na hakuna kilichowapata. Makubaliano yakivunjwa na wengi mbele ya macho ya wote, mstari unageuka pambo. Ndiyo maana faini ya siku moja ya operesheni haisaidii kitu. Askari anayeonekana mahali pale pale, kila asubuhi, mwezi mzima, husaidia.

Basi wewe mzazi, mwalimu, au mjumbe wa serikali ya mtaa unayesoma hapa, usikubali zawadi ya rangi peke yake. Wakala wa barabara, TANROADS au TARURA, wakija kuchora zebra mbele ya shule yenu, na Kenya ni KURA au KeNHA, washukuruni, kisha waulizeni tuta litajengwa lini, taa itawekwa wapi, na rangi hii itarudiwa mwezi gani. Yaandikeni majibu yao kwenye muhtasari wa kikao, iwekeeni kila ahadi tarehe, na tarehe ikifika bila kazi, rudini ofisini kwao.